Chiriku na Shujaa wa Kaka Yake

Kila Ijumaa, kengele ya mapumziko ilipolia, wanafunzi walikimbilia maktaba kumsikiliza Chiriku. Msichana huyo wa darasa la sita alipewa jina hilo kwa sababu ya mdomo wake usiochoka, lakini kuhusu vitabu vya katuni hakuropoka. Alivisoma mpaka mwisho, ndipo akavitolea maoni. Alichokisifu kiligombaniwa, alichokiponda kilibaki rafuni kikipata vumbi.

Ijumaa hiyo alikuwa na vitabu viwili vipya, na moyo ulimdunda. Kimoja kilikuwa cha kutisha. Cha pili kilihusu shujaa mwenye nguvu za ajabu, na kilichorwa na kaka yake mwenyewe, mchora mabango. Kaka alikuwa ameketi pale pale dirishani, shati limenyooka kwa pasi. Mkutubi ndiye aliyemwalika.

"Nisifie kidogo, mdogo wangu," kaka alikuwa amemwambia asubuhi. "Usiniangushe mbele za watu."

Chiriku alianza na kile cha kutisha. "Hiki kilininyima usingizi! Zimwi lenyewe hulioni. Unaona kivuli tu chini ya mlango, unaogopa kufungua ukurasa unaofuata. Lakini unaufungua!"

Watoto walicheka. Akashika cha pili, akamtupia kaka jicho. Angeweza kusema "kizuri sana" yakaisha.

"Hiki ni cha kaka yangu," alisema, "kwa hiyo mjue nampenda kabla sijasema neno. Michoro yake ni hai. Ukiona ngumi unataka kuinama usipigwe. Ila shujaa wake hachoki, haogopi, hakosei. Nilipofika katikati nilijua atashinda tu, nikaacha kumwonea wasiwasi."

Kaka akanyanyuka, akatoka bila kuaga.

Jioni Chiriku alimkuta mezani, kalamu mkononi. "Kaka, umenikasirikia?"

"Nilikasirika," alijibu. "Rafiki zangu wote walinisifu, nikavimba kichwa. Leo nimewauliza hadithi inaishaje, wakaanza kujikuna kichwa. Hakuna aliyefika huko! Ni wewe tu uliyenisoma. Haya, keti. Shujaa wangu aogope nini?"

Chiriku alifikiri. "Anaruka angani, lakini anaogopa kutazama chini."

Kaka alicheka mpaka kalamu ikamponyoka.

Toleo jipya lilipofika maktaba, shujaa alitetemeka juu ya ghorofa kabla ya kumwokoa mtoto, na wasomaji wakatetemeka naye. Liligombaniwa mpaka mkutubi akaamuru foleni. "Huyu ndiye mdogo wangu!" kaka aliwatangazia hata wasiouliza. Chiriku alisimama kifua mbele, akitabasamu.

"Wanangu," mkutubi alisema, "sifa za uongo ni rahisi kutoa, lakini hazimjengi mtu. Ukimpenda mwenzako, isome kazi yake mpaka mwisho, kisha umwambie ukweli kwa heshima, uzuri wake na upungufu wake. Chiriku alifanya hivyo huku akiogopa. Ninajivunia msomaji kama huyu."