Faili Lililojibu "Ndiyo" Kila Mara

"Aliyechezea faili lako yumo humu humu ndani," bosi alisema.

Nikageuka. Shoga yangu, tunayekaa naye meza moja, akainamisha kichwa...

Jamani!

Kazi yangu ilikuwa kuandika majaribio. Kompyuta inafungua tovuti yenyewe, inajaza, inabonyeza, kama mteja. Mambo yakienda sawa, kijani. Yakigoma, nyekundu. Tovuti yenyewe ni ya kina mama kuweka miadi ya kliniki ya watoto.

Darasa la jioni lilinifunza hivi: kila ukurasa wa tovuti uwe na faili lake, linalojua vitufe viko wapi. Jaribio linaliomba tu, "Nibonyezee, nisomee kilichoandikwa." Kitufe kikihama, unarekebisha mahali pamoja tu.

Ila faili la ukurasa halihukumu! Sawa au si sawa, hilo ni la jaribio.

Sasa siku hiyo ndiyo muda wangu wa matazamio ulikuwa unaisha. Nikiajiriwa, namchukua mwanangu kwa bibi yake tuishi pamoja.

Asubuhi nikakuta kijani tupu. Nikasema twende! Tovuti ikafunguliwa kwa kina mama.

Haikufika mchana, simu zikafululiza. Kina mama wamefika kliniki, majina hayapo. Mmoja kabeba mtoto anachemka homa... akarudishwa!

Bosi akafungua faili la ukurasa wa miadi. Kwenye "miadi imekubaliwa?" mtu kaandika jibu la kudumu: ndiyo. Hata ukurasa ukifa, ndiyo!

"Shoga, ulitaka nifukuzwe?"

"Hapana, wallahi!" Alikuwa analia. "Niliwahi kufika, nikakuta nyekundu. Nikajua leo ndiyo wanakuamulia. Nikadhani ni faili lako limekosea, tovuti yenyewe haina tatizo. Nikasema nikusitiri, kesho tutalirekebisha..."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungekataa. Nilimfikiria mwanao, shoga."

Nilitafuta adui usoni mwake, nikamkosa. Ningempata ningepumua!

"Na wewe ulipitisha bila kuangalia nini kimebadilika," bosi aliniambia taratibu. "Samahani, mama. Wote wawili, acheni kadi zenu za kazi mezani."

Jioni mwanangu akapiga kwa simu ya bibi.

"Mama, nifunge nguo zangu?"

"Bado kidogo, baba."

"Kidogo kama nini?"

Nikamwambia ampe bibi simu...

Wapendwa, nyekundu si mchawi wenu. Anayekupenda akuoneshe palipovunjika, uchungu wako akuachie uubebe mwenyewe. Mimi nimeshatuma maombi kwingine. Nikiulizwa kwa nini niliondoka, nitasema yote, hata lile la kutoangalia.