Kamati Isiyokunywa Maji Yake

Asubuhi ile Mwenyekiti alikuwa ndani ya mtaro. Ndiyo, ndani kabisa. Sketi ameipandisha mpaka magotini, miguu tope tupu, anachomoa chupa za plastiki kwa reki.

Usikudanganye huo uenyekiti. Hakuongoza chama kikubwa wala kampuni. Aliongoza kamati ya maji ya mtaa wao, inayosimamia mabomba wanakochota maji watu wote. Mshahara hana, lakini lawama anazo za kutosha.

Mume wake, fundi seremala, alikuwa ukingoni na koleo begani.

"Mheshimiwa, naona leo umehamia ofisi mpya," alimtania.

"Wewe chimba, acha maneno."

Hakuwa na hamu ya mzaha. Siku mbili zilizopita kamati iliitisha mkutano katika ukumbi wa jirani. Watu walikuwa wameanza kunong'ona kwamba maji ya bomba si salama. Kwa hiyo wanachama waliitwa wapige kura. Mradi uendelee, au mabomba yafungwe na kila mtu arudi kisimani?

Kamati ilijiandaa kama inayopokea wakubwa. Yaliletwa maji ya chupa, katoni juu ya katoni. Chakula kiliagizwa kingi, kila mtu na boksi lake la plastiki. Bango la plastiki lilichapishwa likiwa na tarehe ya siku ile, kwa hiyo kesho yake halikuwa na kazi tena. Kila aliyeingia alipewa kabrasha nene. Wengi walilitumia kujipepea.

Ndipo fundi cherehani, mzee asiyemung'unya maneno, aliposimama na chupa yake mkononi.

"Mama Mwenyekiti, haya maji ni ya bomba letu?"

"Hapana, mzee wangu. Hayo ni ya dukani."

"Ala! Sisi mnatuambia maji ya bomba ni mazuri. Ninyi wenyewe mnakunywa ya dukani. Sasa maji yenu anakunywa nani?"

Ukumbi ulilipuka. Waliocheka walicheka, waliofoka wakafoka. Kura haikupigwa. Watu walitoka na hasira zao, wakaacha chupa na maboksi palepale. Usiku mvua kubwa ilinyesha, ikasomba taka zote mtaroni. Mtaro uliziba, na maji machafu yakafurika mpaka kwenye bomba lililo karibu na ukumbi. Ikabidi bomba hilo lifungwe.

"Tuliona ni heshima," Mwenyekiti alisema, huku akivuta boksi lililojaa matope. "Mgeni utampaje maji ya bomba?"

"Mganga hajigangi," mume wake alijibu.

Maneno hayo yalimchoma. Aliona aibu, kwa sababu yalikuwa kweli.

Jioni alikuja wifi yake, dada wa seremala. Wifi huyu ni bibi afya. Kazi yake ni kukagua usafi sokoni, shuleni na penye mikusanyiko ya watu.

"Wifi, nasikia siku hizi unavua chupa," alisema kabla hata ya kukaa.

"Cheka tu. Tunaitisha mkutano mwingine. Wakikataa mara hii, mradi umekufa. Wanawake wa mtaa huu wataanza tena kuamka alfajiri kwenda kisimani. Na mimi ndiye nitakayekuwa nimeua mradi."

Wifi aliacha kucheka. "Mmepanga nini?"

"Safari hii tutaajiri watu wa kuzoa taka."

"Mnaanzia mwisho, wifi. Taka za mkutano huanza siku ya kupanga. Ukishanunua chupa, taka unazo tayari, hata kama bado zimejaa maji."

"Sasa watu wanywe nini?"

"Maji yenu."

"Maji yaleyale yanayosemwa vibaya?"

"Yapimwe kwanza. Nitachukua kidogo kutoka kila bomba, nipeleke maabara. Yakiwa mabaya, utasema ni mabaya na mtayatibu. Yakiwa mazuri, utayanywa mbele yao. Tafuteni ndoo zenye koki na mifuniko, zioshwe vizuri. Kila mtu aje na kikombe chake."

"Fundi cherehani atakuja na jagi," seremala alidakia.

"Aje nalo. Maji si yake?" Wifi alimgeukia tena Mwenyekiti. "Na chakula? Mlijuaje wanakuja watu wangapi?"

"Tulikisia. Tuliogopa aibu ya chakula kutotosha."

"Na kile kilichotupwa hakikuwa aibu?"

Mwenyekiti alikiona mwenyewe kule mtaroni.

"Waulizeni watu mapema nani anakuja," wifi aliendelea. "Mpike kwa hesabu hiyo, mpakue kwenye sahani za kuosha. Maganda na mabaki yawekwe kwenye ndoo yake, yatengenezwe mboji. Usiyachanganye na plastiki, utaharibu vyote viwili."

"Watasema kamati imekuwa na choyo."

"Watasema, kama hamtawaeleza. Waambieni mapema kwa nini mnafanya hivyo. Na mkutano uwe asubuhi. Juzi mliwasha jenereta kwa sababu mlianza jioni. Madirisha ya ukumbi ule ni mapambo?"

"Makabrasha je? Watu wanataka kusoma."

"Andikeni mara moja, maandishi makubwa, mahali ambapo kila mtu anaona."

"Ubao niachieni mimi," seremala alisema. "Nina mbao zilizobaki. Na tarehe tutaiandika kwa chaki."

Siku chache baadaye majibu ya maabara yalitoka. Mabomba yote yalikuwa salama, isipokuwa lile lililofurikiwa. Mwenyekiti angeweza kulinyamazia bomba moja. Nani angejua? Lakini alikwisha kuonja aibu ya mtaroni, hakutaka kuonja nyingine.

Siku ya mkutano watu walikuja kwa miguu, vikombe mkononi. Wengine walichekana kwa vikombe vyao vilivyomenyeka rangi. Madirisha yalifunguliwa. Ukumbi ulikuwa na mwanga na upepo, wala hapakuwa na ngurumo ya jenereta. Mbele palikuwa na ubao na ndoo zenye koki.

Mwenyekiti alisimama. "Ndugu zangu, mkutano uliopita tuliziba mtaro wetu wenyewe. Kosa ni la kamati. Bomba la karibu na ukumbi bado si salama, litabaki limefungwa mpaka tuwaambie. Mengine yamepimwa, ni mazuri. Maji ya ndoo hizi yanatoka huko."

Fundi cherehani alisimama. Hakuleta jagi, ila kikombe chake hakikuwa kidogo.

"Kunywa wewe kwanza, mama."

Mwenyekiti alijaza kikombe. Alikunywa mpaka tone la mwisho, ukumbi mzima ukimtazama koo. Mzee naye alikinga maji, akaonja, akakunja uso.

"Yana harufu!"

Minong'ono ilianza. Mwenyekiti hakubabaika.

"Ni dawa ya kuua vijidudu, mzee wangu. Kipimo kimewekwa sawasawa. Bibi afya yupo hapa, muulize."

"Ni kweli," wifi alisema. "Harufu kidogo ya dawa haina neno. Maji ya kisima hayanuki dawa, lakini yana wadudu usiowaona."

Mzee alikaa na kikombe chake.

Watu walikula, wakaosha sahani kwa zamu. Sufuria zilirudi tupu. Taka za kutupwa hazikujaza hata ndoo moja, na mtaroni haikuingia hata karatasi.

Kisha ilifika saa ya kura. "Wanaotaka mradi uendelee, wanyooshe mikono."

Mikono ilinyooka kila upande. Mwenyekiti alitazama mstari kwa mstari, mpaka macho yake yakafika kwa fundi cherehani. Mikono yake yote miwili ilikuwa chini, imekishika kikombe.

"Mzee wangu, unapinga?"

"Nipinge nini?" mzee alisema, akijifuta mdomo. "Ngojeni basi nimalize maji yangu."