Kitako cha Mti Mwepesi

Haya sijamwambia hata mchungaji. Nimemwambia dada yangu tu, na tangu hapo siwezi kumtazama usoni.

Jioni moja ya Juni nilikwenda Zuzu kwa mzee Halfani, fundi bunduki mwenye kibali, kuchagua kitako kipya. Bunduki yangu ya kuwindia ilikuwa nzito. Mimi ni karani wa ofisini. Nikitembea nayo nusu siku porini, bega linakufa ganzi.

Mzee Halfani akaniwekea vitako viwili mezani. Kimoja cha mninga, kizuri, lakini kizito kama kile kile changu. Cha pili cha plastiki nyeusi, chepesi, ila hakikuingia kwenye bunduki ya aina yangu.

"Cha kwako mpaka kiagizwe nje," alisema. "Miezi mitatu, minne. Ila ukipata mti mwepesi, mkavu, usio na ufa, nakuchongea mwenyewe. Kumbuka tu, bunduki nyepesi inapiga teke."

Nilijua mti huo ulipo.

Baba yetu, mzee Yoramu, aligongwa na treni hapo hapo Zuzu tukiwa wadogo. Wakamkata mguu wa kulia, juu ya goti. Akajichongea wa mti. Mti mwepesi ajabu. Hakutuambia aliukata wapi. Miaka thelathini alilima uwele na kuchunga mbuzi juu ya mguu ule, na kila asubuhi alikipaka kigutu chake mafuta ya kondoo. Alipokaribia kufa, Machi mwaka huu, alimshika dada Evelina mkono.

"Mnizike na mguu wangu. Nisiende huko nikarukaruka mbele za watu."

Dada akamwapia. Siku ya maziko, kabla jeneza halijapigiliwa misumari, akanikabidhi mguu nikauweke. Nikabaki peke yangu na baba chumbani. Nikaupima mkononi... Wepesi ule! Nikawaza, mti kama huu uende ukaoze ardhini?

Nikakunja mkeka, nikauingiza chini ya sanda, pale pa mguu. Mguu wenyewe nikauficha darini kwangu.

Mzee Halfani hakuniuliza nimeutoa wapi. Aliugeuzageuza, akaunusa.

"Huu umekaa na mtu," alisema. Kisha akauchonga.

Julai nilikata kibali cha kuwinda, nikaenda na Thobias pori la upande wa Mtera. Thobias ni askari wa wanyamapori, tumekua naye Mkonze, na jeneza la baba alilibeba. Jua lilikuwa limeshagusa vilima tulipomwona swala dume amesimama peke yake.

Nikapiga goti. Nikalaza shavu kwenye kitako.

Kilikuwa na joto.

Si joto la jua. Joto la paja la mtu... Halafu harufu ikapanda, ikapenya vanishi mpya. Mafuta ya kondoo.

Nyuma yangu, kwenye majani makavu, nikasikia kishindo:

Tu...

Kimya.

Tu...

"Thobias, tulia," nilinong'ona.

"Mimi?" Sauti yake ilitoka mbele yangu, mkono wa kushoto. "Sijatikisika."

Tu...

Sikumbuki kuvuta kidole. Mlio ukapasua pori, kitako kikanipiga teke la bega, nikaanguka chali. Na pale chini, juu ya uso wangu, kitu kikahema. Pumzi fupi fupi... za mtu aliyechoka kuruka.

Swala alikwishapotea. Thobias akawasha tochi ya simu, akamulika chini. Nyayo. Mguu mmoja mtupu, wa kushoto, umetoka tulikoacha gari, umetufuata njia nzima. Unyayo wa mwisho ulikuwa nyuma ya goti langu, vidole vikinielekea.

"Huyu mtu anaruka," Thobias alinong'ona. Akanigeukia. "Lameck... mzee si tulimzika na mguu wake?"

"Tulimzika nao," nikasema.

Nikasema hivyo huku nimeukumbatia.

Nyumbani nilivua shati. Begani palikuwa pamevilia damu, duara moja dogo, kama ncha ya mguu wa mti.

Kesho yake mchana nilikifungua kitako, nikachukua jembe, nikaenda kaburini Mkonze. Nilikuwa nimefika magotini kuchimba niliposikia sauti ya dada Evelina.

"Unamchimbia nini baba?"

Nikamnyooshea kitako. Alikipapasa taratibu, kidole chake kikasimama kwenye tundu dogo lililozibwa kwa nta.

"Hapa ndipo nilipokuwa namfungia mkanda," alisema.

Akaketi juu ya udongo. Nikamweleza yote. Nilingoja kofi, na ningelishukuru. Halikuja.

"Tangu Machi," alisema polepole, "kila Jumapili jua likizama napigiwa hodi. Nafungua, simwoni mtu. Nikawa najibu tu, karibu baba." Akakilaza kitako mapajani. "Nilidhani anakuja kunishukuru."

Tulikifukia pamoja. Lakini kile hakikuwa mguu tena. Mapande yaliyobaki kwenye kuchonga, mzee Halfani alikwishayachemshia chai.

Leo ni Jumapili. Dada ameniita kwake. Amenielekezea kigoda mbele ya mlango, mwenyewe akaenda kukaa jikoni.

"Ikipigwa, fungua wewe," ameniambia akiwa kule kule. "Mwambie kwa kinywa chako."

Nje kumeanza kuwa kwekundu. Mbuzi wamenyamaza wote kwa pamoja. Nimekaa nikitafuta neno la kuanzia. Shikamoo, baba...

Halafu nini?