Mkasi Uliobaki Mezani

Jumanne, tarehe 4 Machi. Asubuhi ilikuwa na manyunyu na baridi kidogo. Mama Fundi, mshona nguo, alisali, akawasha taa ya cherehani, kisha akaanza kufumua sketi aliyoimaliza jana.

"Si ya jirani hiyo?" mumewe aliuliza. "Ina kosa gani?"

"Alikunja uso alipoijaribu."

"Alisema nini?"

"Hakusema kitu. Lakini nilimwona."

Mumewe aliikagua. Mshono ulikuwa umenyooka. "Mke wangu, hii ni nguo ya tano unayoifumua. Na majoho ya kwaya je? Mwisho wa mwezi wanakuja kuyajaribu."

"Warudishie vitambaa vyao. Watu ishirini wanitazame? Moyo utanitoka! Bora nifunge duka."

"Dua tunaomba, na tutaendelea kuomba. Leo twende na kwa muuguzi."

Pale zahanati, muuguzi alimsikiliza mpaka mwisho. "Huo ni ugonjwa wa wasiwasi, mama. Si uchawi, wala si upungufu wa imani. Jicho lako limezoea kukimbilia uso uliokunjwa. Tutalifundisha upya."

Akapanga picha tisa mezani. Watu wanane walikuwa wamenuna. "Mtafute anayetabasamu. Upesi!"

"Huyu... hapana. Huyu!"

"Umechelewa kama fundi siku ya kuchukua nguo."

Mama Fundi akacheka. Muuguzi akampa bahasha ya picha. "Dakika kumi kila siku. Zoezi hili halimsaidii kila mtu, kwa hiyo kila wiki uje pia tuzungumze."

Kila jioni mumewe alichanganya picha, yeye akatafuta. Mwanzoni aliona ni mchezo wa watoto. Wiki ya tatu, jicho lilianza kufika lenyewe kwenye tabasamu, na vitambaa vya kwaya akavishona badala ya kuvirudisha.

Siku ya majoho, kwaya ilijaa chumbani. Mzee anayeimba besi alikuwa amekunja uso. Mkono wa Mama Fundi ukaufuata mkasi. Kisha akatafuta, kama kwenye picha. Dada mmoja alikuwa akijizungusha mbele ya kioo, meno yote nje. Mama Fundi akavuta pumzi. Mkasi akauacha mezani.

"Baba, joho linakubana?"

"Joho? Halina neno, mwanangu. Ni hivi viatu vipya, vinanimaliza vidole!"

Kwaya nzima ikaangua kicheko, naye akacheka nao. Kisha akasimama mbele yao wote ishirini.

"Nisikieni, na mume wangu ashuhudie. Kuanzia leo, sifumui mshono wa mtu kabla sijamuuliza. Mungu anisaidie."