Simu Haikulia

Kila asubuhi ya likizo, Nerima alifuatana na mama yake hadi kwenye zahanati ndogo iliyokuwa jirani na nyumba yao, pande za Lunyo. Alifagia veranda, akapanga mabenchi, akajaza maji ndoo ya kunawia mikono. Mama yake, muuguzi Sista Nasirumbi, ndiye aliyewachanja watoto wa vijiji vyote vya pale.

Chanjo zilikaa kwenye friji, na friji ile ilikuwa na mlinzi. Kipimajoto kidogo kilipeleka joto lake kwenye simu ya zahanati kila nusu dakika. Programu ya simu iliandikwa na Phiona, binti wa mama mkubwa wa Nerima, aliyekuwa akisomea kompyuta Tororo. Hakuandika yote mwenyewe. Alitumia maktaba, yaani sehemu za programu zilizokwisha kuandikwa na mafundi wengine. Kazi ya maktaba ile ilikuwa kupokea taarifa zinazotiririka bila kukoma, kuzichuja, na kuamua ipi ipigiwe kengele.

Tatizo ni kwamba simu ililia mno. Mama akifungua friji tu, kelele! Kwa hiyo Phiona aliongeza amri moja ya maktaba: subiri kwanza mtiririko utulie kwa dakika moja, ndipo uamue. Akaituma programu mpya, kisha akampigia Nerima, aliyekuwa akifundishwa naye mambo hayo.

"Mdogo wangu, mimi niko mbali, friji siioni. Tia kipimajoto kwenye maji ya vuguvugu, ungoje dakika tano. Simu ikilia, niandikie."

"Sawa, dada."

Saa ile ile wenzake walikuwa wakimwita uwanjani. Timu ya netiboli ilipungukiwa na mtu mmoja. Nerima aliitazama simu, akautazama uwanja, akaandika neno moja tu: "Imelia." Halafu akatimua mbio. Jamani, neno lenyewe fupi namna hiyo!

Siku kumi simu ilikaa kimya. Mama alifurahi, akasema Phiona amewapumzisha.

Jumatatu ya chanjo ilifika, mabenchi yakajaa. Wa kwanza kuitwa alikuwa Awor, mwanamke aliyetembea tangu alfajiri na mtoto mgongoni. Mama alipokuwa akitayarisha sindano, Nerima alifungua programu ili aandike joto la asubuhi daftarini. Joto lilikuwa sawa. Lakini mchoro wa jana ulimshtua. Jumapili, walipokuwa kanisani na simu ile ikiwa mkobani mwa mama, mstari wa joto ulishuka chini ya sifuri, ukakaa huko kwa muda wa saa tatu nzima kabla ya kupanda tena.

Chanjo ile haitakiwi kuganda. Maneno hayo yalibandikwa mlangoni mwa friji kwa herufi nyekundu. Ikiganda huharibika, na ikiyeyuka ni vigumu kuitambua kwa macho. Mtoto huchomwa, hulia, hurudi nyumbani bila kinga, na mzazi wake huamini kwamba amekingwa.

Angeweza kunyamaza. Angeweza pia kusema kwamba programu ni mbovu, lawama zikamwangukia Phiona. Awor alikuwa tayari ameufunua mguu wa mtoto.

"Mama, usimchome!"

"Kuna nini wewe?"

"Friji iligandisha jana na simu haikulia. Dada Phiona aliniagiza niijaribu, mimi sikuijaribu. Nilimwandikia imelia. Nilidanganya, mama."

Mama hakumfokea, na hilo lilimuumiza Nerima zaidi. Aliweka sindano chini, akautazama mchoro, akavitikisa vichupa vya chanjo na kuvisimamisha mezani, kwani chanjo iliyoganda hutuama upesi. Baada ya muda, chembe nyeupe zilituama chini ya vichupa.

"Zimeharibika," alisema kwa sauti ndogo. "Nenda ukawaambie walioko mabenchini. Wewe mwenyewe."

Nerima aliwaambia huku machozi yakimtoka. Awor alikunja uso. "Sasa mimi nakwenda bure? Natoka mbali!" Kisha akamkumbatia mtoto wake. "Lakini umesema. Kama ungenyamaza, mtoto yangu angekuwaje?"

Mama alipiga simu hospitali ya Masafu. Adhuhuri bodaboda ilileta chanjo nyingine ndani ya kisanduku cha barafu, na watoto wote wakachanjwa. Fundi aliitwa kuitazama friji.

Phiona naye aliligundua kosa. Taarifa zilikuja kila nusu dakika, kwa hiyo mtiririko haukutulia kwa dakika nzima hata mara moja. Simu ilikuwa ikingojea kimya kisichokuja.

"Amri niliiweka vibaya mimi," alikiri kwenye simu. "Lakini zile dakika tano zingetuonyesha."

Akairekebisha: joto likikaa vibaya dakika tano mfululizo, simu ilie. Nerima aliketi na kikombe cha maji ya vuguvugu, akangoja hadi simu ikalia. Akabadilisha, akatia barafu, akangoja tena. Ikalia.

Mama alikuwa amesimama mlangoni akimtazama.

"Nerima, kukosea hata wakubwa hukosea, ndiyo maana kazi hujaribiwa. Wewe ulisema umefanya usichokifanya, nasi sote tukakuamini. Leo umesema kweli kabla sindano haijaingia, na nakushukuru kwa hilo. Lakini kuanzia sasa, ukiambiwa ujaribu, jaribu. Kama hukujaribu, sema hukujaribu. Wale ambao uongo wako ungewaumiza leo, hata kusema bado hawajui."