Aliyeitika Kwenye Ukungu

Haya yalimpata mjomba wangu Tsuma, na mtu asiniambie ni porojo, maana mamangu Selpher, dadake mkubwa, ndiye aliyenisimulia, naye hakuwa mwanamke wa porojo. Ilikuwa mwaka wa arobaini na tatu, wakati wa vita, nyumbani kwetu Changamwe. Tsuma aliendesha lori la Mhindi mmoja muuza mboga.

Mkewe, Kafedha, aliugua muda mrefu, na mdogo wake Nyamvula akaja kumuuguza. Kumuuguza! Msichana huyo na shemejiye wakaanza mambo yao huko jikoni. Siku ya mwisho Kafedha aliita maji kutoka chumbani. Wakamsikia. Akaita tena. Wakakaa kimya kwenye moshi, wameshikana mikono, wakingoja achoke. Na kweli alichoka. Mama aliporudi kutoka sokoni alimkuta midomo imekauka, macho yametazama mlango.

Sasa, kwetu watu wa Rabai, mwanamume aliyefiwa na mke hasafiri wala hamgusi mwanamke mpaka wazee wamwoshe kwa vuo, yale maji ya majani ya dawa. Na kabla matanga hayajaondolewa, marehemu haitwi kwa jina lake. Tsuma aliyajua haya tangu utotoni. Lakini alfajiri moja taniboi wake, yule msaidizi wa lori, aliamka na homa, Mhindi anapiga kelele kwamba mboga zitaoza huko Taita, na Nyamvula akapanda mbele ya lori vivi hivi, na leso zake alizovaa. Hawakupanga. Nadhani walichoka tu kutazamwa na watu.

"Mwenda wapi na matanga hayajaisha?" mama aliuliza.

"Kesho tumerudi, dada," Tsuma alijibu, asimtazame usoni.

Walipita Voi, wakaanza kupanda. Barabara nyembamba, upande huu jabali, upande ule bonde. Nyamvula alikuwa hajaona milima maishani mwake, akawa anacheka kila kona. Tsuma naye akacheka. Kisha akakumbuka kwake kuna msiba, haya zikamshika, akakaza macho barabarani. Alasiri injini ikachemka. Nyamvula akachukua debe akateremka bondeni, kulikosikika mto.

Ukungu ukashuka. Mweupe, mzito, hata pua ya lori haionekani. Tsuma akangoja. Akangoja sana. Hofu ikamwingia, akapaza sauti amwite. Na ulimi wa mwanamume aliyezoea kumwagiza maji mke mmoja miaka yote ile, jamani, ulikwenda ulikozoea.

"Kafedha! Lete maji!"

"Abee, bwana."

Nyuma yake. Karibu kabisa.

Akageuka. Mwanamke amesimama na debe kichwani, limejaa pomoni. Leso ni za Nyamvula. Uso ni wa Nyamvula. Majani yote yamelowa umande, lakini miguu yake mikavu. Tsuma akamimina maji kwenye injini, akijiambia ni yeye, ni yeye tu. Wakapanda lori.

Ndipo sauti ikaja kutoka bondeni, inahema.

"Shemeji! Niko huku, shemeji! Usiniache!"

Tsuma akafungua mdomo. Kidole cha baridi kikamgusa midomo.

"Usiitike," mwanamke akanong'ona. "Mbona mimi hukuniitika?"

Haki ya Mungu, akatia gia. Akageuza lori pale pale kwenye kona, tupu, bila mboga, akateremka. Nyuma yao mikono ikagonga ubao wa nyuma wa lori. Ikagonga. Ikagonga. Kisha ikaacha.

Walifika Changamwe asubuhi ya pili. Mama akatoka kuwapokea.

"Nyamvula, mmerudi salama?"

Akamwita tena. Mwanamke akampita kama hamwoni, akaingia moja kwa moja chumba cha marehemu, akajilaza kitandani, uso ameuelekeza mlangoni. Aliishi nyumba ile miaka mingi, akampikia Tsuma, akamfulia, na kwa jina la Nyamvula hakuitika hata siku moja.

Asubuhi ile mama alirudi nje kumuuliza nduguye kulikoni. Alimkuta nyuma ya lori, amepiga magoti, anasugua ubao kwa shati lake. Palikuwa na tope jekundu, alama za vidole vya mikono miwili, zimeanzia juu ya ubao zikaburutika mpaka chini. Akizifuta, zinarudi.

Mama akaligusa lile tope. Safari ya usiku kucha, na vumbi lote la njiani, lakini lilikuwa lingali bichi, tena lina joto, joto la kiganja cha mtu.

"Tsuma, nini hiki?"

Hakuinua kichwa.

"Nilimsikia akigonga, dada," alinong'ona. "Nilijua ni yeye."