Ngozi ya Njano ya Pini

Goti la bandia la Romano lililegea, naye akaanguka getini mbele ya wateja. Ilikuwa mara ya tatu wiki hiyo. Romano ni askari mstaafu wa kambi ya jeshi ya Kimaka. Analinda duka la vifaa vya ujenzi mtaani Nalufenya. Mwenye duka, Hamuza, alimwambia wazi kwamba mlinzi asiyesimama hafai. Akamchukulia rungu, akampa mpaka mwisho wa mwezi goti liwe limetengenezwa.

Mkewe, Lillian, alikuwa amechoka kumwinua.

“Baba Jimmy, twende Mbale walikokutengenezea mguu,” alisema. “Mgongo wangu si wa serikali.”

Huko Mbale, fundi wa viungo bandia, Madinah, alilifungua goti. Ndani yake pini huzunguka katika bomba dogo. Pini ilikuwa imeliwa katikati, na vumbi jeusi limeganda juu yake. Madinah akauliza inasafishwa vipi.

Romano alieleza kwa fahari. Kila Jumapili aliitoa pini, akaisugua kwa msasa mpaka ing’ae, kama alivyosugua vifungo vya shaba jeshini. Ilikuja na rangi ya njano. Alidhani ni uchafu wa kiwandani.

“Afande, hiyo njano ndiyo iliyolinda goti,” Madinah alisema. “Pini ni ya titani. Ni nyepesi, ina nguvu, haishiki kutu. Lakini ikisuguana na chuma kingine, inanata na kuchubuka. Kwa hiyo kiwandani huivika ngozi nyembamba, ngumu kuliko titani yenyewe. Msuguano unaishia kwenye ngozi hiyo.”

“Basi nipakie nyingine.”

“Si rangi ya brashi. Inawekwa kwa moto, ndani ya tanuru lililoondolewa hewa. Hapa hatuna. Tuagize pini mpya.”

Romano aliigeuza pini iliyoliwa kiganjani.

“Kwa hiyo miaka miwili nimekuwa nikiumaliza mguu wangu mwenyewe.”

“Ndiyo, Afande. Na kwa bidii.”

Pini mpya ilifika zikiwa zimebaki siku mbili mwezi uishe. Madinah alibadilisha na bomba pia, maana lilikuwa limekwaruzwa. Sasa Romano hulifuta goti kwa nje kwa kitambaa kikavu. Halifungui. Kila miezi sita analipeleka kwa fundi likaguliwe.

Alirudi getini akasimama tangu asubuhi hadi adhuhuri. Hamuza alimtazama tu, kisha akamrudishia rungu lake.

Hasara ilikuwa hii: pini moja na bomba lake. Safari nne za Mbale. Siku ishirini na tatu za magongo, bila mshahara. Meno mawili ya mbele, yaliyobaki pale getini alipoanguka.